Kabla hujalipia kiungo cha tovuti: Mambo ya kupima ili fedha yako isipotee

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mmiliki wa kampuni ndogo ya utalii jijini Arusha anafungua barua pepe asubuhi na kukuta ujumbe kutoka kwa mtu asiyemfahamu. Ujumbe unasema tovuti ya kampuni yake haionekani katika ukurasa wa kwanza wa Google, na kwamba kwa Dola za Marekani 50 tu atapatiwa viungo 500 kutoka tovuti "zenye mamlaka makubwa" ndani ya siku saba, kisha atashika nafasi ya kwanza. Msimu wa wageni unakaribia, washindani ni wengi na kiasi kinachoombwa si kikubwa. Je, alipe?

Mfano huu unawahusu watu wengi. Ujumbe wa aina hiyo hutumwa kila siku kwa wamiliki wa hoteli, maduka, shule binafsi na asasi za kiraia, na hata kwa wasimamizi wa tovuti za taasisi za umma. Wapo wanaolipa na kuambulia patupu. Wapo pia wanaolipa, wakafurahia kupanda kwa muda mfupi, kisha tovuti zao zikaporomoka katika matokeo ya utafutaji wakati ambao biashara inazihitaji zaidi.

Makala haya yanaeleza kiungo ni nini, kwa nini kina thamani, kanuni zinasemaje kuhusu kukinunua, na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyapima kabla ya kutoa fedha yake.

Kiungo na thamani yake

Kiungo, ambacho wengi hukiita "linki", ni maneno au picha katika ukurasa wa intaneti ambayo msomaji akiyabonyeza hupelekwa kwenye ukurasa mwingine. Tovuti ya gazeti inapoandika habari kuhusu hoteli na kuweka kiungo cha kwenda kwenye tovuti ya hoteli hiyo, inampa msomaji njia ya kufika huko. Wakati huohuo inauambia mtambo wa utafutaji kwamba hoteli hiyo inastahili kutajwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walibuni utaratibu walioupa jina la PageRank, ambao ndio uliokuwa msingi wa Google. Wazo lake lilitokana na desturi ya wanazuoni: andiko linalorejelewa na maandiko mengi huhesabiwa kuwa na uzito. Katika utaratibu huo, kila kiungo kilichukuliwa kuwa kura. Hata hivyo, kura hazikuwa sawa. Kura iliyotoka katika ukurasa ambao wenyewe ulikuwa umepigiwa kura nyingi ilikuwa na nguvu zaidi, na ukurasa uliotoa viungo vingi uligawa nguvu yake kwa vyote.

Jambo hili linafanana na barua ya utambulisho inayotolewa na Serikali ya Mtaa. Benki huiamini barua hiyo kwa sababu aliyegonga mhuri anamfahamu mkazi anayemtambulisha. Endapo mhuri huo ungeanza kuuzwa sokoni kwa yeyote mwenye fedha, barua zote zenye mhuri huo zingekosa thamani, zikiwemo za wakazi waaminifu. Biashara ya viungo huanza na kuishia hapo: kinachouzwa ni imani, na imani ikishauzwa sana haibaki kuwa imani.

Kanuni zinasemaje

Ni muhimu wananchi kutenganisha mambo mawili ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya. La kwanza ni kulipia tangazo. Kampuni ikilipia makala ya udhamini au bango katika tovuti yenye wasomaji, na bango hilo likawa na kiungo, hiyo ni biashara halali ya matangazo. La pili ni kulipia kiungo kwa lengo la kuudanganya mtambo wa utafutaji uamini kwamba tovuti imependekezwa kwa hiari. Hili linakatazwa na sera za Google dhidi ya udanganyifu, na katazo hilo linamgusa anayenunua na anayeuza.

Ili kutenganisha mambo hayo mawili, zipo alama zinazowekwa ndani ya msimbo wa ukurasa. Mwaka 2005 ilianzishwa alama ya "nofollow", inayouambia mtambo kwamba mwenye ukurasa hakidhamini kiungo husika. Mwaka 2019 Google iliongeza alama ya "sponsored", mahususi kwa viungo vilivyolipiwa. Kiungo cha tangazo kinatakiwa kuwa na mojawapo ya alama hizo. Msomaji haoni alama hiyo anapobonyeza, lakini mtambo wa utafutaji unaiona.

Kwa hiyo, muuzaji anayesisitiza kwamba kiungo chake "hakitakuwa na alama yoyote" kana kwamba huo ni ubora, anamweleza mnunuzi kwa maneno mengine kwamba watavunja kanuni pamoja. Ikitokea adhabu, tovuti itakayoathirika ni ya mnunuzi.

Waliojifunza kwa gharama

Februari 2011, gazeti la The New York Times liliripoti kuwa tovuti ya JCPenney, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, ilikuwa ikishika nafasi za juu kwa bidhaa nyingi kwa msaada wa viungo vilivyowekwa katika maelfu ya kurasa, nyingi zikiwa hazina uhusiano wowote na bidhaa zake. Google ilichukua hatua. Kwa mujibu wa gazeti hilo, katika utafutaji wa aina moja ya mabegi ya safari, JCPenney ilishuka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya 71 ndani ya saa chache. Kampuni hiyo ilisema haikuidhinisha viungo hivyo, ikaachana na wakala aliyekuwa akiishauri. Utetezi huo haukuiepusha na adhabu.

Januari 2012, Google iliushusha hadhi ukurasa wake yenyewe unaotangaza kivinjari cha Chrome kwa angalau siku 60, baada ya kubainika kuwa kampeni iliyofanywa na mawakala wake ilihusisha makala za kulipiwa zenye kiungo kisicho na alama. Mwaka uliofuata, Februari 2013, tovuti ya wauza maua Interflora nchini Uingereza ilitoweka katika matokeo ya Google kwa siku kadhaa, hata kwa mtu aliyetafuta jina la kampuni hiyo. Wachambuzi walilihusisha tukio hilo na makala za matangazo zilizochapishwa katika magazeti mengi ya mikoani, na magazeti hayo nayo yaliripotiwa kushushiwa alama.

Kati ya matukio hayo, tarehe 24 Aprili 2012, Google ilizindua mfumo uliopewa jina la Penguin, uliolenga tovuti zenye viungo vya udanganyifu. Mwaka 2016 mfumo huo uliingizwa katika utaratibu wa kila siku, na tangu hapo viungo vibovu kwa kawaida hupuuzwa tu badala ya tovuti nzima kuporomoshwa. Desemba 2022 Google ilitangaza kuwa mfumo wake wa akili bandia uitwao SpamBrain unatumika kuzitambua tovuti zinazonunua viungo na zile zinazotumika kuviuza.

Kwa mfanyabiashara mdogo, hasara ya siku hizi mara nyingi huwa ya kimyakimya. Haletewi barua ya adhabu. Fedha imelipwa, viungo vimewekwa, na havina athari yoyote. Muuzaji humwambia asubiri miezi mitatu, na baada ya miezi mitatu namba yake ya simu haipatikani.

Mambo manane ya kupima

Mwananchi anayetaka kulipia makala ya udhamini au tangazo lenye kiungo anashauriwa kuomba kwanza orodha kamili ya tovuti zitakazotumika. Muuzaji akikataa kuzitaja hadi alipwe, mazungumzo yaishie hapo. Akizitaja, kila tovuti ipimwe kama ifuatavyo.

Kwanza, uhusiano wa mada. Kiungo cha kampuni ya utalii kina maana katika tovuti inayoandika kuhusu safari, mbuga, hoteli au Tanzania kwa ujumla. Katika tovuti ya vipuri vya magari ya nchi ya mbali, hakuna msomaji atakayekibonyeza.

Pili, wasomaji halisi. Tafuta jina la tovuti hiyo katika Google. Tovuti hai huonekana yenyewe juu, na hutajwa na wengine. Kisha andika neno "site", nukta pacha na jina la kikoa bila kuacha nafasi. Ikiwa tovuti inadai kuwa na maelfu ya makala lakini hakuna ukurasa wake unaotokea, ni dalili kubwa kwamba imekwishaondolewa katika matokeo. Mwombe pia muuzaji takwimu za wanaotembelea tovuti, na uangalie wanatoka nchi gani. Wasomaji wasioweza kuwa wateja wako hawana thamani kwako, hata wakiwa wengi.

Tatu, historia ya kikoa. Wapo wanaonunua majina ya tovuti yaliyoachwa na wenyewe, kwa mfano la asasi ya hisani iliyofungwa, kisha wakauza viungo kwa kutumia heshima ya jina la zamani. Machi 2024 Google iliutaja mtindo huo waziwazi katika sera zake kuwa ni udanganyifu. Huduma ya bure ya Wayback Machine, inayoendeshwa na Internet Archive, huonyesha sura za zamani za tovuti. Tovuti iliyokuwa ya kanisa mwaka 2015 na leo inaandika kuhusu sarafu za kidijitali, mikopo na dawa za kupunguza uzito, imebadilishiwa mwenye nyumba.

Nne, majirani. Soma makala tano au sita za karibuni na uangalie viungo vyake vinakwenda wapi. Tovuti inayompeleka msomaji kwenye kamari katika makala moja, mikopo ya haraka katika nyingine na dawa katika ya tatu, inauza nafasi kwa yeyote. Kura yake haina uzito, na si vyema jina lako lisimame katika foleni hiyo.

Tano, mahali kiungo kitakapowekwa. Kiungo kilicho ndani ya habari, mahali ambapo msomaji anakihitaji, hubonyezwa. Kilichofichwa chini kabisa ya ukurasa, au kilichorudiwa katika kila ukurasa wa tovuti, hakimsaidii msomaji na ni rahisi kutambuliwa.

Sita, maneno yanayobonyezwa. Viungo vya hiari huandikwa kwa namna nyingi: jina la kampuni, anwani ya tovuti, au maneno ya kawaida kama "soma zaidi". Viungo 500 vyote vikiwa na maneno yaleyale, tuseme "safari nafuu Serengeti", hakuna atakayeamini kuwa watu 500 walifikiri neno kwa neno sawasawa.

Saba, alama zinazotajwa na muuzaji. Wauzaji wengi husema tovuti yao ina "DA 60" au "DR 70". Domain Authority ni kipimo cha kampuni ya Moz, na Domain Rating ni cha kampuni ya Ahrefs. Vyote huhesabiwa hadi 100, na hakuna kati yake kinachotumiwa na Google. Alama ya Google yenyewe iliyokuwa ikionekana kwa umma, ya 0 hadi 10, iliondolewa mwaka 2016. Vipimo hivyo vya makampuni vinaweza kusaidia kulinganisha, lakini vinaweza pia kupandishwa kwa viungo vya bandia. Alama kubwa katika tovuti isiyo na wasomaji inapaswa kuongeza shaka.

Nane, muuzaji mwenyewe. Je, ana jina, anwani, mkataba na risiti? Je, anaeleza kiungo kitakaa muda gani na nini kitafanyika kikiondolewa? Anayeahidi nafasi ya kwanza aepukwe, kwa kuwa Google yenyewe inaeleza kuwa hakuna anayeweza kuihakikisha. Aidha, asipewe nenosiri la tovuti yako kwa sababu yoyote, kwani kuweka kiungo katika tovuti ya mtu mwingine hakuhitaji kuingia katika ya kwako.

Swali moja linalojumlisha yote

Katika kupima mambo hayo, lipo swali moja linaloweza kutangulia: "Kama Google isingekuwepo, ningelipia nafasi hii?" Jibu likiwa ndiyo, unanunua tangazo. Likiwa hapana, unanunua kura.

Turejee kwa mfanyabiashara wa Arusha, kwa hesabu ya mfano tu. Tuseme anayo ofa nyingine: makala moja ya udhamini, yenye alama ya kulipiwa, katika tovuti ya safari inayosomwa na watalii, kwa Shilingi 400,000. Endapo wasomaji 200 watabonyeza kiungo, kumi wakauliza bei na mmoja akasafiri, mfanyabiashara atalinganisha faida ya safari hiyo moja na gharama aliyolipa, na ataamua kama arudie. Hesabu inafanyika kwa kalamu na karatasi. Katika viungo 500 vya Dola 50, hakuna msomaji hata mmoja wa kuhesabu. Ofa ya pili inaonekana ghali na ya kwanza inaonekana rahisi, lakini rahisi inaweza kuwa ghali pale inapokuwa haileti kitu.

Tahadhari kuhusu tovuti za Serikali na vyuo

Wapo wauzaji wanaotangaza viungo kutoka tovuti za serikali na vyuo vikuu, kwa maelezo kwamba vina nguvu kuliko vingine. Wananchi wafahamu kuwa tovuti zenye kikoa cha .go.tz ni kwa ajili ya huduma na taarifa za umma, na si mahali pa kuuza viungo kwa watu binafsi. Anayedai kukiuza kiungo huko ama anadanganya, ama amejipenyeza bila idhini. Katika nchi nyingi wadukuzi wamekuwa wakiingia katika tovuti za taasisi za umma na kupachika viungo vya kamari vilivyofichwa, visivyoonekana kwa msomaji wa kawaida.

Kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mnunuzi wa kiungo cha namna hiyo hujiweka karibu na kosa la jinai bila kujua. Wasimamizi wa tovuti za taasisi nao wanakumbushwa kusasisha programu za tovuti kwa wakati, kubadilisha nenosiri mtumishi anapohamishwa, na kukagua mara kwa mara kurasa ambazo hawakuziandika wao. Tukio la udukuzi litolewe taarifa Jeshi la Polisi na kwa TZ-CERT, timu ya kitaifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Kwa ambaye tayari amenunua

Aliyekwisha kulipia viungo hana sababu ya kuhangaika kupita kiasi, wala ya kumlipa mtu mwingine anayejitangaza kuwa "msafishaji". Hatua ya kwanza ni kusitisha ununuzi. Ya pili ni kujiandikisha katika Google Search Console, huduma ya bure inayomwonyesha mwenye tovuti viungo vinavyoelekea kwake, na kumjulisha endapo kuna adhabu iliyotolewa na mkaguzi wa Google.

Ikiwa hakuna adhabu, mara nyingi viungo hivyo vimekwisha kupuuzwa na mtambo wenyewe. Ikiwa adhabu ipo, mwenye tovuti aombe viungo viondolewe au viwekewe alama. Vile visivyoweza kuondolewa vinaweza kukanwa kwa kutumia zana iliyoanzishwa na Google mwaka 2012, kisha yakawasilishwa maombi ya kufikiriwa upya, yakieleza kwa ukweli kilichofanyika na hatua zilizochukuliwa. Zana hiyo ya kukana itumike kwa uangalifu, kwa kuwa anayekana viungo vizuri kwa makosa anajipunguzia mwenyewe.

Njia isiyohitaji kununua

Viungo bora kwa kawaida hutokana na mambo ambayo biashara ingepaswa kuyafanya hata bila intaneti. Chama cha wafanyabiashara ambacho kampuni ni mwanachama wake kinaweza kuiweka katika orodha ya wanachama. Wasambazaji na washirika wanaweza kuitaja. Waandishi wa habari wanaotafuta mtu wa kueleza jambo wanaweza kuinukuu. Kuisajili biashara katika ramani ya Google hakuna gharama.

Zaidi ya hayo, yapo maandishi yenye manufaa. Kampuni ya Arusha ikieleza kwa Kiswahili fasaha tofauti ya njia za Marangu, Machame na Lemosho kwa anayetaka kupanda Mlima Kilimanjaro, zinachukua siku ngapi, ni miezi gani yenye mvua, na mpandaji abebe nini, ukurasa huo utatumiwa na walimu, wanafunzi na watalii wa ndani, na wengine watauwekea kiungo bila kuombwa. Kiswahili kina wazungumzaji wengi, lakini kurasa zilizoandikwa kwa kina katika lugha hii bado ni chache. Anayeziandika leo hakutani na ushindani anaokutana nao anayeandika kwa Kiingereza.

Kazi hiyo huchukua muda, na hilo ndilo linalowapa nafasi wauzaji wa njia za mkato. Mfanyabiashara anayepokea ujumbe wa viungo 500 anashauriwa afanye mambo matatu kabla ya kujibu: aombe orodha ya tovuti, afungue tano kati yake na kuzisoma, kisha ajiulize kama angependa mteja wake amkute humo. Akishindwa kupata orodha, au akiona aibu kwa anachokisoma, jibu la ile barua pepe atakuwa tayari analo.